Mchuzi wa Puaro Niliompikia Mama Yako

Neema, miezi minne hujaweka mguu hapa. Minne! Kutoka Lilongwe mpaka Dzaleka ni minibasi mbili na kabaza moja, baiskeli ya abiria. Mbuzi wa jirani aliyepotea kabla ya mvua amerudi mwenyewe kwa miguu yake, na hana nauli wala akili. Wewe unatuma salamu kwa watu. Salamu hazinichotei maji. Salamu hazinikuni mgongo.

Siku ile ulipopiga simu nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nikadhani utasema unakuja kumwona bibi yako. Ukasema, "Koko, ile muchuzi ya puaro yenye ulikuwa unapikiaka mama, banaipikaka namna gani?"

Nikakuambia mtandao unakata. Mtandao haukukata, mwanangu. Nilizima simu mwenyewe, nikaiweka mapajani kama kaa la moto.

Sasa umetuma neno kwamba Jumanne unapanda ndege na mtoto, na kwamba Jumapili utapita kuniaga. Sitaki kuagwa Jumapili. Nataka usome barua hii kwanza, tena usiisome penye mashine ya kushona mbele ya wenzako. Nenda ukae mahali peke yako. Sitakuambia uvae sweta, wala namna ya kumsuka Riziki nywele, wala usisahau kusali. Hayo unayajua, na usiyoyajua baridi ya huko itakufundisha. Nina jambo moja tu. Limekaa ndani yangu miaka kumi na saba.

Anayeandika ni Mama Asifiwe. Soma tena hilo jina. Ndiyo, huyo huyo wa nyumba ya pili, ambaye tangu upate akili hujala kwake, na ukikutana naye njiani unaangalia vidole vya miguu yako. Mimi sikusoma, herufi kwangu ni nyayo za kuku. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bukavu. Nimemwomba aandike kila neno nitakalosema, hata lile linalomuuma yeye. Amekubali, ila amesema atanyoosha Kiswahili changu maana kimepindapinda. Nimemwambia anyooshe maneno, asinyooshe nilichofanya.

Tuanze na puaro, kwa kuwa njo uliyoiuliza.

Kwetu Kabare, kwenye vilima vilivyo juu ya Bukavu, puaro ilikuwa shule yangu. Kaka zangu walikwenda darasani, mimi nilikwenda soko la Kadutu na kikapu mgongoni, majani marefu yakinipiga mashavu njia nzima. Kwetu chakula bila puaro ni chakula cha mgonjwa. Maharage, sombe, samaki, vyote vinaitaka. Wamalawi hapa waliponiona nayo mara ya kwanza waliniuliza hiki kitunguu kilikosa nini hata hakina kichwa. Nikawaambia kichwa chake ndiyo shingo yake. Wakacheka, wakasema zikomo, yaani asante, wakaenda zao na nyanya.

Lakini miaka ya kwanza kwenye kambi hii ya wakimbizi sikuipanda. Hakuna aliyeipanda. Kila aliyekuwa na kiganja cha ardhi mbele ya nyumba alipanda lengalenga na mboga nyingine za wiki tatu. Nani apande kitu cha miezi sita wakati kesho jina lake linaweza kuitwa aende ng'ambo? Tulikuwa tunakaa kama watu waliokaa kwenye ukingo wa kiti. Mama yako Furaha, binti yangu, ndiye aliyekuja siku moja na paketi ya mbegu kutoka Lumbadzi. Nilimgombeza. Nilimwambia anatutakia tuzeeke hapa.

Akasema, "Mama, tupande tu. Kama banatuita mbele ya kuvuna, batu bengine batakula. Iko zambi?"

Mwenye shamba wa kijiji cha jirani alituachia kipande cha dimba, bonde lenye unyevu, nasi tukamlimia mahindi yake. Pale njo tulipanda. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, unamvuta nywele.

Najua huko uendako utataka kupanda, maana mkono wako ni wangu. Basi sikiliza. Mbegu inamwagwa kwenye kitalu mvua zikianza kuchoka. Inaota nyembamba kama nywele, ukipiga chafya umeipoteza. Unangoja. Miezi miwili na zaidi unaangalia kitu ambacho hakikui, unajiona mjinga. Ikifika unene wa penseli unaing'oa, unapunguza mizizi na ncha za majani, unatoboa shimo refu kwa kijiti, unaidumbukiza ndani. Hapo watu wengi wanakosea, wanajaza udongo na kushindilia. Usijaze. Mimina maji tu, maji yenyewe yatauleta udongo polepole. Halafu kila inaporefuka unaivutia udongo shingoni jua lisiione, na kile kisichoona jua kinakuwa cheupe na laini. Ukichoka katikati ukaacha, utavuna majani magumu ya kulisha sungura.

Mama yako alikuwa hapendi hiyo kazi ya kuvuta udongo. "Mama," alikuwa ananiambia, "we unazika hizi bintu mara ngapi? Mara moja haitoshe?" Nikamjibu nyamaza, shika jembe. Alikuwa na ulimi, mama yako. Wewe umeurithi ila unautumia kwenye simu tu.

Puaro yetu ya kwanza ilitoka nene kama kifundo cha mkono. Mama Asifiwe ndiye aliyetutafutia wanunuzi, kwa kuwa anajua Kiingereza kidogo. Alikuwa anapanda minibasi na mafungu yetu, anazunguka nyumba za wageni wa maofisi kule City Centre, anarudi na mfuko mtupu na hadithi za mbwa wao. Tulikuwa tunakula pamoja sisi watatu. Ukimuuliza mtu yeyote wa mstari wetu wakati ule, angekuambia zile ni nyumba mbili zenye chungu kimoja.

Mwaka wa pili wa puaro, faili letu la kuhamishiwa ng'ambo lilianza kutembea. Tukaitwa kwenye mahojiano, tukaitwa tena. Tukaambiwa tungoje kupimwa miili, halafu ndege. Mama yako alinunua sanduku. Sanduku lile lenye kufuli, ambalo unaweka nguo za Riziki, ni la wakati ule.

Na mwezi huo huo akaanza kukohoa.

Mwanzo tulisema ni vumbi. Halafu tukasema ni baridi ya dimba. Alikuwa anakohoa alfajiri, kikohozi kikavu, kisha kikawa na maji ndani. Akakonda kiunoni. Jasho likawa linalowesha mkeka. Mimi nimezaa watoto sita na kuzika wanne, Neema. Nilijua huo si ugonjwa wa kunywa chai ya tangawizi. Usije ukafikiri sikujua.

Lakini kwenye foleni ya bomba la maji watu walikuwa wanasema ukikutwa na kifua, faili linatupwa chini kabisa, na familia yote inabaki. Nani alisema? Foleni. Hakuna mtu wa ofisi aliyeniambia hivyo hata siku moja. Sikuuliza. Ningemuuliza mmoja tu angenijibu, lakini niliogopa hata swali lenyewe lingesikika.

Usiku mmoja tulikaa na mama yako tukakubaliana. Hapana, acha niseme vizuri. Mama Asifiwe, futa hilo. Hatukukubaliana. Yeye alisema, "Mama, kesho mi naenda ku kliniki." Mimi nikamwambia, "We unataka mutoto wako azeeke hapa? Ngoja tupande ndege. Kule iko badaktari ba kweli." Akaangalia ulivyolala. Akasema, "Ni sawa."

Njo hapo nilipoanza kumpikia ule mchuzi.

Marehemu mama yangu alikuwa akitupikia puaro tukiwa na mafua, basi nikasema itamponya. Nikaacha kuuza sehemu nyeupe. Mafungu ya City Centre yakawa majani matupu, Mama Asifiwe akalalamika, nikamwambia panya wa dimbani wanakula shina. Asubuhi mchuzi, jioni mchuzi. Na asali nilipoipata. Wewe ulikuwa na miaka minne, ulikuwa unasimama karibu na moto ukiomba ulambe mwiko. Pua yako imekumbuka, ndiyo maana ukaniuliza. Kile unachokumbuka kama harufu ya kupendwa, mwanangu, kilikuwa harufu ya mtu anayefichwa.

Na kuna lingine. Kuta zetu ni za udongo, jirani anasikia hata ukigeuka kitandani. Kwa hiyo mimi nilianza kukohoa. Nikisikia mama yako anaanza, nami naanza, kwa nguvu zaidi, ili watu waseme ni yule mzee. Nilikohoa kanisani. Nilikohoa kwenye foleni. Watu wakanihurumia, wakaniletea majani ya mkaratusi. Mama yako nikamfundisha kuzuia mchana, na akishindwa acheke, acheke sana, kikohozi kiishie ndani ya kicheko. Siku ile uliposimulia kwamba unakumbuka mama yako alikuwa mtu wa kucheka, nilitoka nje. Ulidhani nimekwenda chooni.

Miezi mitano hivyo. Hatukuitwa kupimwa. Siku alipotema damu ya kujaza kikombe, nilimbeba na kabaza mpaka kliniki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia, mwendesha baiskeli anauliza huyu mama amelewa? Muuguzi, binti wa Kimalawi, alimwangalia mara moja tu. Akasema "chifuwa chachikulu". Lugha sijui, lakini hilo nililielewa, ni kama kwetu, kifua kikuu. Halafu mkalimani akanieleza maneno yake mengine. Alisema ugonjwa huu una dawa, tena ya bure. Alisema mtu anakunywa miezi sita anapona. Akaniuliza, amekohoa tangu lini?

Nikasema wiki mbili. Hata pale, Neema. Hata pale nilidanganya.

Alikufa siku ya nne. Alikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa kwa mwaka mmoja tu.

Mama Asifiwe ameweka kalamu chini. Ameniuliza kama nataka maji. Nimemwambia sitaki maji, nataka aendelee, maana sehemu yake imefika.

Watu walikuja msibani na swali moja. Mtu kijana, mwenye nguvu, anakauka vile kwa nini? Kwetu Kivu unajua mtu akikauka polepole wanasema nini. Wanasema karuho. Wanasema kuna aliyemwekea sumu ya taratibu kwenye chakula. Mwanamke mmoja akauliza, "Alikuwa anakula kwa nani?" Na wote wakageuka wakamwangalia Mama Asifiwe, ambaye alikuwa amekaa pembeni yangu ananishika mkono, na maharage aliyoyapika kwa ajili ya msiba yalikuwa bado motoni.

Nilikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno fupi. Kama ningelisema, wangeuliza kwa nini ulimficha, wewe mama gani? Nikatoa mkono wangu kwenye mkono wake. Sikusema alimwua. Sikusema hakumwua. Nilitoa mkono tu, na hiyo ilitosha. Maharage yale hakuna aliyeyagusa.

Alikuwa anauza mandazi, unakumbuka? Hukumbuki, maana yaliisha. Hakuna tena aliyenunua. Watoto wake walicheza peke yao. Wewe ulipokuwa na miaka minane alikupa kipande cha muwa njiani, ukamtupia miguuni. Ukaja kunisimulia kwa fahari, na mimi nikakupa yai. Yai, Neema! Nikakulisha yai kwa kosa langu mwenyewe.

Vile vidonge ulivyokunywa kila asubuhi miezi sita baada ya mama yako kufa, nilikuambia ni vitamini. Vilikuwa vya kliniki. Walikupima, wakasema ulilala na mgonjwa, lazima ukingwe. Mimi pia walinipima, yule mzee maarufu wa kukohoa. Wakasema kifua changu ni safi kama cha msichana.

Na faili? Faili lilirudi mwanzo kwa sababu mtu mmoja alipungua. Miaka iliyofuata familia moja ya mstari wa chini, baba alikutwa na kifua hicho hicho siku ya kupimwa. Walimpa dawa. Tulimwona kila asubuhi anakwenda kliniki na kofia yake ya sufu. Walichelewa. Halafu wakaenda, wote saba. Nilisimama kando ya barabara na jembe langu, yule baba akanipungia mkono dirishani. Nilirudi dimbani nikang'oa tuta zima la puaro ambayo haijafika, nikaikanyaga.

Ndiyo sababu nilikataa uniingize kwenye faili lako ulipokuwa mtu mzima. Ulinuna, ukasema simpendi mjukuu wangu. Yuko mtu amelala hapa niliyemlaza mimi. Siendi popote.

Sasa wewe.

Alhamisi iliyopita Mama Asifiwe alikwenda Lilongwe na mafungu yetu, maana biashara hiyo hatukuiacha. Alipita karibu na chumba chako cha kushonea nyuma ya maduka. Hakukuita, anajua hupendi. Alisimama upande wa pili akanunua karanga asizozitaka ili akuangalie. Alirudi akakaa hapa mlangoni na kikapu bado kichwani, akasema, "Mama Furaha, ule mutoto anakohoa. Anakohoa na kuficha kitambaa. Na mwenzake akimuangalia, anacheka."

Anacheka.

Nikamwambia yote palepale, kikapu kikiwa bado kichwani mwake. Panya, majani, kikohozi changu, wiki mbili za uongo kwa muuguzi, mkono nilioutoa. Nilidhani atanipiga. Alikishusha kikapu miguuni. Akaanza kukwaruza kwa kucha udongo wa mizizi uliobaki humo. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Miaka yote hii, mi nilikuwa najiuliza kama ni maharage yangu. Kama kulikuwa kintu ndani yenye sikuona. Nilikuwa naosha sufuria mara tatu, Mama Furaha. Mpaka leo naosha mara tatu."

Akaondoka. Hakuja siku tano. Siku ya sita, leo, alikuja na daftari na kalamu, akasimama mlangoni, hakuingia. "Sema, mi naandika," akasema. "Haiko juu yako. Ni juu ya ule mutoto."

Anaandika sasa hivi. Ananiambia nisiseme hilo la sufuria. Nimemwambia andika.

Najua Jumatatu kuna kuonwa kwa mwisho. Ulipimwa zamani ukapita, na sasa muuguzi atakuuliza tu kama una homa, kama unakohoa. Neno moja, hapana, na Jumanne uko juu ya mawingu. Usinidanganye, nayajua mahesabu yako, niliyapiga mimi kabla yako. Unasema huko kuna madaktari wa kweli. Unasema nikishuka tu, nitakwenda. Umeulizia mchuzi wa puaro ili usikohoe mbele ya muuguzi Jumatatu.

Pengine ni vumbi la vitambaa, kama ulivyowaambia wenzako. Natamani iwe vumbi. Wakikupima wakakuta vumbi, njoo uniite mzee mchawi mpumbavu mbele ya kanisa zima, nitacheza ngoma. Lakini kama si vumbi, sikiliza. Watakuchelewesha. Utalia. Sanduku litarudi chini ya kitanda, na wale waliokuaga watakuuliza kulikoni, na wengine watafurahi. Miezi sita ya vidonge. Ni muda wa puaro, mwanangu, toka mbegu mpaka chungu. Mimi nimeingoja puaro mara nyingi sana hapa, sikufa kwa kungoja. Mama yako hakufa kwa kungoja. Alikufa kwa sababu mimi sikutaka kungoja.

Na Riziki. Unamfunga mgongoni kutwa nzima ukishona, sikio lake limelala kati ya mabega yako. Anasikia kile kifua kuliko daktari yeyote. Anavuta pumzi unayoitoa. Wewe ulilala hivyo kwa mama yako, na kama si vidonge vya wale watu ambao nilikuwa nawakimbia, sijui ningekuwa nakuandikia nani barua hii. Baba yake Riziki alikwenda Afrika Kusini akanyamaza. Ukiondoka wewe, atalelewa na nani? Na mimi? Umeona nilivyolea.

Sikwambii haya ili unihurumie. Ukitaka kunichukia, nichukie, nina mgongo mpana. Nichukie ukiwa hai.

Uliuliza mchuzi unapikwaje. Nitakuambia, maana ni chakula kizuri na sikitupi kwa sababu nilikitumia vibaya. Puaro inapasuliwa kwa urefu, toka shingoni mpaka mizizini. Usiikate vipande kabla ya kuiosha, udongo unajificha kati ya ganda na ganda, nje inang'aa na ndani ni mchanga mtupu. Fungua kila ganda kwa kidole chini ya maji. Sehemu nyeupe ikaange kwa mafuta kidogo, moto mdogo, mpaka ilegee bila kubadilika rangi. Ikiungua inakuwa chungu. Tia nyanya moja, tia usipa uliokaushwa, wale dagaa wa huku, umeutoa vichwa, maji ya moto, chumvi. Majani ya kijani usiyatupe, yafunge pamoja yachemke humo humo, utayatoa mwishoni. Kula na ugali, au nsima kama Riziki anavyoiita. Unajaza tumbo, unapasha mifupa, na mtu anayekunywa vidonge vya kila siku anahitaji tumbo lenye kitu. Haugusi kifua. Niliupika mara zaidi ya mia tatu, na nakuambia haugusi kifua hata kidogo.

Barua hii itakufikia kesho, Alhamisi, kwa mkono wa Mama Asifiwe. Atasimama mlangoni pako mpaka umalize kuisoma. Usimwangalie miguu, mwangalie uso. Mpe maji ya kunywa, na akikupa alichobeba kwenye mfuko wa plastiki, kula mbele yake. Ni mandazi. Amepika jana, baada ya miaka yote hiyo, na ameniambia yametoka magumu. Kula hivyo hivyo.

Na safari hii ya kuja huku, usije Jumapili na gauni la kuaga. Njoo Ijumaa, minibasi ya kwanza, pamoja naye, maana atalala kwako. Usipite nyumbani kunisalimia. Shuka moja kwa moja kliniki. Mimi nitakuwa kwenye benchi tangu mlango haujafunguliwa, nimekushikia nafasi. Ukifika, mfungue Riziki mgongoni, umpe Mama Asifiwe ambebe. Wakiita jina lako, simama, ingia, na wakikuuliza umekohoa tangu lini, wape siku yenyewe.